Msafara wa Martina

Jumamosi, 2 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Napenda harusi za kifalme. Hata Martina hajui, na ni dada yangu na tunalala chumba kimoja. Si dhambi, lakini ni aibu. Mimi ni wa kwanza kidato cha tatu kwa Historia. Kwenye mdahalo huandika hoja za kupinga wafalme, halafu wenzangu huzisema kwa sababu mimi sauti haitoki. Kisha nakaa juu ya kreti la soda dukani kwa Mama Shamimu, mjini Karatu, nikimtazama mwana wa mfalme akioa.

Leo nilitumwa chumvi na sabuni. Nikakuta televisheni ya dukani inaonyesha harusi. Nikakaa saa mbili nzima na chumvi mapajani. Nchi yenyewe ni ndogo, kwenye ramani ya darasani imefunikwa na pini. Farasi sita weupe. Askari wenye kofia za manyoya, hawapepesi macho. Gauni lina mkia mrefu, watoto wanne wanaushika mwisho. Bibi harusi anapunga mkono kwa kifundo tu, bega halitikisiki. Watu maelfu barabarani wanampigia kelele na hakuna hata mmoja anayemjua.

Mama Shamimu alikuwa anapima sukari huku anatazama. Akasema, "Huyo binti tazama taya lake. Mtu mwenye raha habani meno hivyo."

Nikamwambia ni itifaki. Akacheka mpaka sukari ikamwagika. "Itifaki! Mimi siku yangu nilibana meno hivyohivyo, mwanangu, viatu vilikuwa vya dada yangu."

Nimejiuliza kwa nini napenda. Si taji, wala keki. Ni kwa sababu kila mtu anajua asimame wapi. Hatua zimehesabiwa. Hakuna anayekugeukia ghafla na kuuliza, "Wewe mbona kimya?" Mtu kama mimi angeweza kuishi ndani ya siku kama ile bila kuogopa.

Nimeyaandika yote kwenye daftari la kijani. Mama amenigombeza kwa kuchelewa na chumvi.

Jumapili, 3 Agosti

Ukungu mpaka saa nne. Baada ya misa shemeji Elibariki alikuja nyumbani na gari lake. Anaendesha watalii kushuka kreta. Gari ni lake mwenyewe, si la kampuni, na hilo Baba hulisema kwa kila mgeni. Atamwoa Martina tarehe ishirini na tatu. Sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi upande wa kwetu, ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita.

Aliliona daftari langu la kijani mezani. Nilitaka kufa. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, amesimama. Hakucheka. Akasema, "Shemeji, haya ndiyo ninayoyataka. Msafara. Watu wa Karatu wasimame barabarani waulize kuna nini. Kuanzia leo wewe ni waziri wangu wa itifaki."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kusoma nilichoandika hadi mwisho isipokuwa mwalimu, naye hulipwa kwa kazi hiyo.

Martina alikuwa anapukuchua maharage na Mama uani. Nilimkimbilia kumweleza. Alisema, "Vizuri, Resti." Hakuinua kichwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nina furaha. Niandike wazi: nina furaha mno.

Nimechora ukumbi wa parokia wote. Meza kuu, meza za wazee, njia ya katikati, mlango mkubwa, mlango wa jikoni. Nimepanga mkia wa gauni ushikwe na watoto wanne wa majirani. Mimi nitatangulia na kikapu cha maua. Sehemu muhimu ni ile ya kumtafuta bwana harusi. Yeye hukaa mahali popote katikati ya wageni, kama mtu wa kawaida, na MC humwambia bibi harusi, "Mtafute mwenzio umtambulishe kwetu." Kila sendofu bibi harusi hujifanya hamwoni. Hupita meza yake, hurudi, watu hucheka. Sisi tutazunguka ukumbi mara mbili, polepole, kwa hatua za kifalme.

Elibariki alinifuata shuleni na gari. Wenzangu waliduwaa getini. Njiani alisifu mchoro wangu. Kisha akauliza, kama anauliza habari za mvua, Martina akitoka kazini lodji huwa anarudi na nani. Nikamwambia siku nyingine anatembea, siku nyingine mpishi wa lodji humleta kwa pikipiki. Akauliza mpishi yupi. Nikamtaja. Akauliza siku zipi. Nikazitaja.

Nilijibu kama ninavyojibu mtihani. Kwa ukamilifu.

Jumatano, 6 Agosti

Martina ameacha kazi. Mama anasema Elibariki ameona si vizuri bibi harusi kuonekana akifagia vyumba vya wageni. Baba amekubali.

Martina alipenda ile kazi. Alikuwa anajua kusema "karibu chai" kwa lugha sita.

Amelala amegeukia ukuta tangu jioni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna shule. Upepo mkali, vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati la vyombo.

Leo sitaandika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu kusali na haikusaidia. Sasa naandika.

Ijumaa saa sita Elibariki alimrudisha Martina kutoka kwa fundi wa nguo. Nilikuwa nyuma ya zizi nikikusanya kuni. Gari lilisimama chini ya mti wa mgrevilea, vioo vimefungwa. Hawakuniona. Alikuwa anaongea, anatabasamu. Kisha akazishika nywele za Martina kisogoni, zote kwa mkono mmoja, akamwinamisha mpaka paji la uso likagusa dashibodi. Hakumgongesha. Alimsukuma taratibu, kama mtu anavyofunga droo. Akamshikilia hapo. Nilihesabu mpaka kumi na saba. Martina hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia, kama anajua inavyotakiwa.

Halafu akamwachia. Akashuka, akaniona ninatokea na kuni, akasema, "Waziri! Magari mangapi kwenye msafara, saba au tisa?"

Nikasema tisa.

Hilo ndilo sitaki kulisoma tena. Nilisema tisa kwa sababu tisa yangependeza zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilimuuliza Martina usiku ule ule wa Ijumaa kama ni kwa sababu ya mpishi. Akauliza, "Ulimwambia wewe?" Nikasema ndiyo. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Alinionyesha simu mpya aliyopewa. Inamwonyesha Elibariki mahali alipo Martina. Akienda kisimani, anajua. Akipita karibu na lodji, inaita. Akaniambia, "Nikiwa na hii mkononi usiniulize kitu, Resti."

Nimefikiria kumwambia Baba. Nimesimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza akaniuliza ninataka nini, nikasema kalamu. Mara ya pili nikasema hamna.

Kamati ya sherehe inakuja kila jioni. Wanasifu mpango wangu. Mwenyekiti amesema hata Arusha hawajaona sendofu ya namna hii.

Jumatano, 13 Agosti

Nilipita dukani baada ya shule. Televisheni ilikuwa inarudia vipande vya harusi ile. Nilitaka nione kama bado napenda.

Napenda. Hilo ndilo linalonitisha. Farasi walipotokea kwenye kona moyo wangu ulipanda vilevile.

Lakini safari hii niliitazama njia badala ya gari la farasi. Kamba pande zote mbili. Askari kila hatua tano, migongo kwa bibi harusi, nyuso kwa watu. Siku zote nilidhani wanazuia watu wasiingie. Leo nimewaza jambo jingine. Angetaka kushuka pale katikati, angepitia wapi? Kila mtu ana pahali pake pa kusimama, na yeye ana pa kupita tu, mpaka mwisho.

Na hakuna anayeugusa msafara. Nimeona mzee mmoja alitaka kuvuka, akaona mkia wa gauni unakuja, akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Watu wakiona hatua zimepangwa hudhani kuna aliyezipanga na sababu anaijua.

Mama Shamimu ndiye atakayepika pilau ya sendofu. Aliniuliza, "Dada yako anakula siku hizi?" Nikasema kidogo. Akasema, "Alikuja jana kununua vitunguu. Simu kaiacha nyumbani. Tumeongea." Akaendelea kufunga sukari. Sikuuliza wameongea nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo Martina alifua shuka, akazifua zote, hata safi. Simu ilikuwa kwenye chaji ndani. Mimi nilikuwa nakamua upande wa pili wa shuka.

Akauliza, "Kwenye ule mchoro wako. Mlango wa jikoni siku hiyo utafungwa?"

Nikasema hapana. Chakula kitapita hapo.

"Kutoka meza za wazee mpaka huo mlango, hatua ngapi?"

Nikasema ishirini na mbili. Nilikuwa nimezipima kwa miguu yangu.

Akasema, "Asante." Tukaendelea kukamua. Maji yalikuwa ya baridi sana.

Nimeelewa. Nadhani nimeelewa.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi ya mwisho ukumbini. Elibariki alikuja kutazama. Aliketi kila meza kwa zamu, anacheka, anasema hatatuambia atakaa wapi. Alipoondoka alinishika bega. "Waziri, kesho usinikosee."

Watoto wanne wanashika mkia vizuri. Yule mdogo, Bosco, hataki kuuachia hata mazoezi yakiisha.

Jumapili, 17 Agosti

Alfajiri. Naandika haraka kabla hawajaamka. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Paroko aliagiza sherehe ianze saa nane mchana, imalizike mapema. Ilianza saa tisa na nusu. Ukumbi ulijaa. Magari tisa yalipita barabara kuu taa zimewaka, na watu walisimama kando ya barabara wakiuliza kuna nini, kama alivyotaka. Watalii walipiga picha. Martina alivaa gauni la zambarau. Niliona uzuri wake na nikasahau kila kitu kwa dakika nzima. Naandika kwa sababu ni kweli.

Saa kumi na moja kasoro MC akainua kipaza sauti. "Bibi harusi! Sisi hapa wanaume tuko wengi, wengine tumekuja kwa ajili ya mbuzi wa ndafu tu. Mtafute wako!"

Muziki ukawekwa. Nikatangulia na kikapu. Martina nyuma yangu, watoto wanne nyuma yake. Hatua nilizijua. Mzunguko wa kwanza. Elibariki alikuwa meza ya nne, katikati ya wajomba zake, amevaa koti la rangi ya maziwa. Tukampita. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Anapitwa! Jamani anapitwa!" MC akapiga kelele. "Makofi kwa anayepitwa!"

Elibariki alipiga makofi naye.

Mzunguko wa pili. Kwenye mchoro wangu, tulipofika meza za wazee tulipaswa kukata kulia, kurudi kwake. Nikafika pale. Sikugeuka nyuma. Nilisikia gauni likisimama. Nikahisi kidole cha Martina mgongoni, kimoja tu, kimenigusa na kutulia.

Nikakata kushoto.

Sikuamua. Au niliamua Alhamisi kwenye shuka. Nilimwaga maua chini na kutembea kwa hatua zilezile, polepole, kichwa juu. Wazee wakasogeza viti. Mama mmoja akaupisha mkia wa gauni na kuunyoosha usikunjike. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa anakwenda jikoni!" MC akasema. "Bibi harusi, mwanaume gani anapatikana kwenye masufuria? Huyo ukimpata, umpeleke kwangu na mimi nimwone!"

Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Ishirini na mbili. Nikasukuma mlango.

Jikoni moshi na harufu ya pilau. Wapishi walitutazama. Mama Shamimu aliweka upawa chini, akafungua mlango wa nje. Pikapu yake ilikuwa imegeuzwa tayari, nyuma masufuria matupu na turubai. Alimvisha Martina baibui la binti yake Shamimu juu ya gauni lote, akamfunga nikabu. Nilibaki naona macho tu. Yalikuwa makavu. Martina aliitoa simu kifuani akaniwekea ndani ya kikapu.

"Kwa shangazi," Martina akasema. "Usimwambie mtu mpaka uulizwe. Ukiulizwa na Mama tu, mwambie."

Shangazi Emiliana ni mwalimu Soitsambu, huko Loliondo. Mtandao anaupata akipanda kilimani.

Bosco alikuwa bado ameshika ncha ya gauni iliyotokeza chini ya baibui. Akauliza, "Na mimi napanda?" Mama Shamimu akamfungua vidole kimoja kimoja, akampa kipande cha nyama.

Pikapu ikaondoka bila kupiga honi.

Mimi nikarudi ukumbini. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu kwenye mchoro hapo ndipo ninaposimama. Nikasimama kwenye nafasi yangu na kikapu. Muziki uliisha, ukaanza upya. Watu walikuwa bado wanacheka wakiutazama mlango. Elibariki alikuwa bado anapiga makofi. Kisha akanitazama mimi. Makofi yake yakapungua. Muziki ukaisha mara ya pili.

Simu ikaita ndani ya kikapu changu. Aliyekuwa anapiga ni yeye. Amekaa meza ya nne, simu sikioni, ananitazama.

Jumatatu, 18 Agosti

Jana mchana walikuja wazee wa upande wake, watatu, pamoja naye. Tuliketi sebuleni. Mama alilia tu. Juzi aliniuliza, nikamwambia alipo Martina. Baba sikumwambia, hakuniuliza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na hakumtazama mtu.

Mzee mkubwa alizungumza kwa upole. Alisema ng'ombe wa mahari wamepokelewa, watu wamekula, jina la ukoo wao linachekwa mpaka Mang'ola. Alisema binti akirudi kabla ya Jumamosi mambo yatazikwa. Akauliza kama kuna mwanaume mwingine. Baba akasema hajui amezaa mtoto gani. Alisema, "Martina amenivua nguo mbele ya watu." Akasema akipatikana atamrudisha yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Nikasimama. Nilitaka kutoka nje. Sauti ikatoka kwanza.

Niliwaambia kuhusu gari chini ya mgrevilea. Niliwaambia nywele, dashibodi, kumi na saba. Niliwaambia kwamba habari za mpishi nilizipeleka mimi, na kwamba mpishi alikuwa mtu wa kumpa lifti tu. Niliwaambia nilimtoa mimi ukumbini. Sauti ilikuwa inakatika kama redio mbovu lakini niliyasema yote.

Mzee akasema, "Mtoto huyu amesoma vitabu vingi."

Elibariki alitabasamu. Alizungumza na Baba, siyo na mimi. "Baba, hawa ni watoto. Msijisumbue. Nitamtafuta mwenyewe. Hakuna barabara ya huku nisiyoijua, na kwenye geti la hifadhi wote ni rafiki zangu."

Aliposema hivyo Baba aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Akamtazama muda mrefu. Akauliza, "Ulipomwinamisha, hakulia?"

Elibariki akasema, "Nani?"

Baba akasema, "Nimekuuliza wewe. Mwanangu hakulia?"

Elibariki aliangalia saa yake. Baba akasimama, akafungua mlango, akaushikilia wazi. Akasema kwa Kiiraqw kwamba ng'ombe watarudishwa. Wazee wakatoka mmoja mmoja.

Elibariki alitoka wa mwisho. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, vizuri kabisa, bila hasira, "Waziri wangu."

Sikulala. Kila gari likipita barabarani nilikuwa nasikiliza kama litapunguza mwendo. Mawili yalipunguza.

Jumanne, 19 Agosti

Shangazi amepiga simu kwa Mama, nusu dakika, upepo mtupu. Martina amefika. Kwenye geti la hifadhi hawakumfunua uso.

Baba amewapeleka ng'ombe alfajiri na mjomba. Aliporudi alikaa kizingitini na kuvua viatu polepole. Aliniita. Nikadhani atanichapa. Akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kula."

Shuleni hakuna anayezungumza na mimi. Wananitazama kama mtu aliyevunja kitu cha wengine. Msichana mmoja aliniambia nimeharibu harusi nzuri kuliko zote Karatu. Ninajua. Niliipanga mimi.

Gari la Elibariki lilikuwa limesimama mkabala na geti la shule saa nane. Halikuwa na watalii. Saa tisa lilikuwa bado lipo.

Jumatano, 20 Agosti

Asubuhi tulivu. Ukungu umeshuka mpaka juu ya mabati.

Martina hana simu na shangazi hawezi kupanda kilimani kila siku. Mama aliniambia nimwandikie barua: Baba amejua, ng'ombe wamerudishwa, asiogope kuja nyumbani, ila asije sasa. Niliandika ukurasa mmoja. Nikaongeza kwamba naomba anisamehe kuhusu pikipiki. Nikaitia kwenye bahasha bila jina juu. Basi la Loliondo hupita stendi saa mbili na nusu, kondakta wake humjua shangazi kwa sababu hubeba madaftari ya shule yake.

Nilifika saa mbili na robo. Nilipoingia stendi niliona gari la Elibariki upande wa pili, karibu na wauza mishikaki. Injini inawaka. Kioo kilikuwa chini. Hakujificha.

Basi la Loliondo lilikuwa limeshafika. Kondakta alikuwa juu ya paa anafunga magunia. Nilikuwa na bahasha mfukoni mwa sketi. Nikalipita.

Nikaenda mpaka kwenye basi la Mbulu, lililokuwa linajaza abiria. Nikasimama mlangoni na kumwita kondakta kwa sauti kubwa. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo nje. Nikamuuliza kama anamkumbuka dada mweupe aliyepanda na begi jekundu Jumapili, alishukia Mbulu mjini au alipitiliza. Kondakta akasema, "Mdogo wangu, Jumapili nimebeba watu mia, nimkumbuke nani?" Nikampa karatasi iliyokunjwa, tupu, ya daftari la Hisabati. Nikamwambia akimwona ampe. Akaitia mfukoni bila kuitazama, akaendelea kuita abiria.

Nikanunua karanga. Nikakaa kwenye benchi na kuzila moja moja.

Gari la Elibariki lilitoka kwanza. Lilikwenda polepole mpaka kwenye kona, likashika barabara ya Mbulu, likasimama pembeni na kusubiri. Basi la Mbulu likatoka saa mbili na nusu na dakika chache. Gari likalifuata.

Mbulu si mbali. Jioni atakuwa amerudi, na atakuwa amejua nimemdanganya.

Nilisubiri mpaka vumbi likatulia barabarani. Nikaenda kwenye basi la Loliondo, likiwa tayari linanguruma, nikampa kondakta bahasha na kumwambia ni ya Mwalimu Emiliana wa Soitsambu, mkononi mwake tu. Akaitia ndani ya shati.

Kisha nikaenda shule. Nilikuwa nimekosa kipindi cha kwanza na nusu ya cha pili. Mwalimu wa Historia aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia stendi. Akanitazama, akasema nikae. Nikakaa, nikafungua daftari, nikaandika tarehe.